Mkono Mfupi

Gethin alilileta Jumamosi, mvua ya Coventry ikimwagika
kama maji ya kuoshea vyombo, bila hasira.
Gari la buluu, milango miwili, bawa la nyuma
pana kuliko meza ya jikoni kwangu.
"Ya tatu inasaga," akasema. "Ya pili safi. Ya tatu inasaga."
Akatazama pembeni, kama anayemsema mtu wa nyumbani.

Nikaingia, nikakaa, nikashika.
Mkono wa gia umefupishwa, umekuja usawa wa goti,
kirungu cha chuma chenye Februari yote ndani yake.
Nikausukuma: tak.
Nikauvuta: tak.
Safari ya vidole vitatu, iliyokuwa shubiri nzima.
Sitasema uongo, ni raha.
Kiganja kinajua kimefika kabla hujajua umeondoka.

Kwetu mwenye mkono mrefu ni mwizi,
mwenye mkono wa birika hakupi hata kiberiti.
Huu mfupi hatukuupa jina.
Mimi, miaka kumi na tisa chini ya magari ya watu,
nimeuita dalali:
anakukatia njia, halafu anachukua chake
upande usiouona.

Maana giaboksi haijaambiwa kwamba mkono umekatwa.
Ndani mle uma unatembea mwendo ule ule,
ringi ya shaba inataka muda wake ule ule
kuishika gia inayokimbia, kuituliza,
kuiambia, mwenzio yuko polepole, mfuate,
ndipo meno yaingiane.
Mazungumzo ya robo sekunde.
Gethin alikuwa akiyakata kabla "hujambo" haijajibiwa.

Jumanne tukaishusha.
Oili ikatoka na vumbi la dhahabu,
ukitikisa beseni linapepea, linapendeza, ni hasara tupu.
Denzil Pargeter, aliyekaza giaboksi kiwandani
hadi kiwanda kikageuka duka la mazulia,
akachovya kidole, akakisugua, akarudi kwenye krispi zake.
"Boksi za siku hizi," akasema, "biskuti."
Maili elfu arobaini na moja.

Lakini niliugeuza uma kwenye taa.
Umelika shavu moja tu, umeng'aa kama kijiko.
Huo si ufupi wa mkono.
Huo ni mkono wa nyama, uliolazwa juu ya wa chuma
foleni hadi foleni, Foleshill hadi kazini,
mtu akisikiliza redio, hana habari
kwamba huku chini anasukuma.
Basi dalali nimemtukana bure. Nusu bure.

Mama yangu akipiga kutoka Pangani
huanza na salamu za watu tisa,
kisha mbuzi, kisha paa la jirani,
kisha anarudi kwangu: na wewe, umeamkaje?
Mimi, spana mkononi, simu begani,
huruka kutoka ya kwanza hadi ya nne:
"Mama, unahitaji shilingi ngapi?"
Tak.
Hajawahi kulalamika. Anakohoa kidogo, anataja.
Kikohozi kile nilidhani ni kifua.

Ringi mpya, uma mpya, oili ya bei ya nyama.
Gethin akauliza kama tuurudishe ule mrefu.
Nikamwambia uache, ni mzuri, ila ukishaingiza, toa mkono.
Na ukifika mlangoni pa gia, gonga.
Usivunje.
Akacheka, akadhani ni utani wa kigeni.

Tukaenda kulijaribu barabara ya mzunguko,
taa za lami zimelowa, vifuta mvua vikilia.
Ya pili. Injini ikapanda, ikapanda.
Klachi. Akausogeza, akangoja
kitu kidogo kiasi cha kumeza mate,
na ya tatu ikaingia
kimya, kama mtu aliyekaribishwa.

Hatukusema neno.
Kisha akaupumzisha tena mkono pale pale,
nami nikautazama
mpaka akauondoa.